Ndege Niliowafukuza Bure, Leo Niwalipie Kiingilio

Mwenzenu nimeambiwa Desemba hii hatuendi Zanzibar wala kijijini. Tunakwenda Amani, kule milima ya Usambara Mashariki, kuangalia ndege. Si kuwawinda, si kuwala, si kuwafuga. Kuwaangalia. Wakishaangaliwa wanaruka zao, na sisi tunarudi Dar na madeni.

Wazo ni la shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kijana anayetembeza wageni porini na ambaye siku hizi ananong'ona hata akiwa sebuleni kwangu akiomba chumvi. Mama watoto akisikia kitu kimetoka kwa kaka yake, kikao kimeshafungwa. Mimi nashirikishwa kwenye kipengele cha fedha.

Sasa nisikilizeni. Mimi ni mtoto wa Kondoa. Utoto wangu umeishia juu ya dungu nikiamia ndege kwenye mtama wa baba. Alfajiri jua halijatoka uko juu, kombeo mkononi, debe bovu pembeni, unapiga kelele mpaka sauti inakauka. Kwelea kwelea hawaji mmoja mmoja, wanakuja wingu zima, na wakiondoka mnabaki na mabua. Serikali yenyewe huwatuma marubani wakawanyunyizie sumu kutoka angani. Halafu leo, mtu mzima, nina duka la misumari na saruji, nitoe hela yangu mfukoni nikawatazame viumbe hao na nikiwaona nitabasamu!

Nikasema, kama ni ndege, mbona hapa Dar wapo? Kunguru. Wamejaa. Jana mmoja kachukua chapati mkononi mwa mtoto, na mtoto hakulia, keshazoea. Shemeji akasema hao si wa kwetu, wametoka India, waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka. Sawa, takataka wamezimaliza? Wamehamia kwenye chapati. Lakini kwenye daftari lake hawana heshima. Anasema Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege na mimi nimeng'ang'ania mmoja, tena mhamiaji.

Tukaanza kupanga. Kwanza darubini. Shemeji anataka ya 8 kwa 42, maana yake inakuza mara 8 na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42. Nikazunguka Kariakoo. Nilichopata ni cha plastiki, cha watoto, ukikiweka machoni unaona kope zako mwenyewe. Ile ya kweli nilipotajiwa bei nikamwuliza muuzaji kama na ndege yumo ndani.

Halafu nguo. Usivae nyeupe, usivae nyekundu, vaa rangi ya majani na udongo. Nikauliza, yaani zile za mabaka-mabaka? Akashtuka. Thubutu, hizo ni za jeshi, raia ukikutwa nazo utaeleza. Kwa hiyo nijifiche ndege wasinione, ila nisijifiche sana askari wakaniona. Koti langu la mvua ni la rangi ya chungwa. Limekataliwa. Na mvua zenyewe za vuli Desemba huwa hazijaaga, njia ya kupanda kutoka Muheza inateleza, lakini ndiyo miezi mizuri, anasema, maana hata mbayuwayu wa Ulaya wanakuwa wamefika kukimbia baridi. Wale wamevuka bara zima na hakuna aliyewaomba nauli. Mimi wa Tabata nina kontro namba ya kulipia kiingilio, nina nauli ya basi mpaka Muheza, nina gari la kukodi la kupandisha mlimani, nina posho ya mwongozaji. Posho ya shemeji haijatajwa. Nayo naisikia inakuja.

Kuamka ni saa kumi na moja alfajiri. Likizo! Dukani kwangu nafungua saa mbili. Na tukifika msituni hakuna kuongea. Watoto wangu wamekulia jirani na baa yenye spika mbili, kunong'ona hawajawahi kufundishwa. Mdogo akitaka maji, mtaa mzima unajua.

Na tukishajibana hivyo tunakwenda kumwona nani? Nikadhani tausi, au korongo mwenye kimo chake. Hapana. Shemeji macho yamemlegea akielezea kadege ka rangi ya vumbi, mdomo mrefu, kanakojificha kwenye mitambaazi na kanapatikana Usambara Mashariki na kaskazini mwa Msumbiji tu. Unaweza kushinda siku nzima usikaone. Nikauliza tusipokaona tunarudishiwa ngapi. Hakunijibu.

Usiku ndiyo kituko zaidi. Tutatoka na tochi kumtafuta bundi wa Usambara. Bundi! Bibi yangu bundi akilia juu ya paa alikuwa anatoka na kijinga cha moto kumfukuza, na kesho yake anauliza nani mgonjwa. Mama mkwe aliposikia kwamba mwanawe anatupeleka kutafuta uchuro kwa malipo, alikaa kimya, akaniangalia mimi. Si mwanawe. Mimi.

Kuna kisa kimoja tu alichosimulia nikamwelewa. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini kwenye misitu ya Udzungwa, wakaona miguu ya ajabu ndani ya sufuria. Kumbe ni ya kwale ambaye sayansi ilikuwa haimjui, tena ndugu zake wako Asia. Huo sasa ndio utalii wa ndege. Unagundua, na mchuzi upo. Shemeji akasema siku hizi analindwa, haliwi. Basi, nikarudi kwenye huzuni zangu.

Akaona sijachangamka, akaleta la mapenzi. Pale Amani, enzi za Waingereza, alifanya kazi Reginald Moreau, na mwaka 1938 akampa ndege mmoja wa milima ya Uluguru jina la mkewe, Winifred. Mama watoto akageuza shingo polepole. "Mwenzako kampa mkewe ndege." Nikamkumbusha kwamba jina lake lipo kwenye bango la duka. Akasema herufi mbili zimefutika tangu mwaka juzi, na sasa wateja wanamwita jina la mtu mwingine.

Nikaona kinga yangu ni mzee. Nikampigia baba, nikaweka spika ili shemeji asikie mwenyewe.

"Baba, tunakwenda Tanga kuangalia ndege."

"Ndege wa nani?"

"Wa serikali, baba. Wako msituni."

"Wanakula mtama?"

"Hapana, wadudu na matunda ya mwituni."

Akanyamaza. "Sasa mnawaangalia wasifanye nini?"

Nikamtazama shemeji. Ajibu! Baba akaendelea: "Mwambie huyo kijana mwezi wa tano aje huku, mtama utakuwa umekomaa. Dungu lipo, kiingilio hakuna, na hiyo darubini yake itatusaidia kuwaona wakiwa bado mbali."

Nilijua amekwisha. Badala yake shemeji akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akapaza sauti: "Baba, kwelea wenyewe ni wengi? Wengi wa kufunika mti?"

"Wa kuuvunja matawi," baba akasema.

"Basi na tai watakuwepo! Na vipanga! Hao huwa wanafuata makundi ya kwelea!"

Keshafungua daftari. Keshamwuliza dada yake tarehe. Safari sasa zimekuwa mbili, ya Desemba na ya mwezi wa tano, na baba ametuma ujumbe nisisahau kwenda na debe, lile la zamani limetoboka.