Nilikaa chini, sikuzimia

Wadau naomba niiweke hii kitu sawa kabla haijafika Igoma, maana Kipara ameshaisambaza kwenye magrupu yote na kwenye stori yake mimi nimezimia nikamwagiwa maji. Sikuzimia. Nilikaa chini. Maji nilimwagiwa ndio, ila hiyo ni habari nyingine ntaifikia.

Mnaijua ile romu yetu, yaani mfumo wa kuendeshea simu, ya simu za zamani. Wale msioijua mtanisamehe leo sina nguvu za kuelezea, kwa kifupi tumechukua LineageOS, mfumo wa simu wa bure uliojengwa juu ya Android, tukaipunguza uzito ili simu ambazo kampuni zake zimeshazisahau ziendelee kuishi, na kila kitu kiko wazi, msimbo upo mtandaoni unauchukua unaufanyia unachotaka. Kamera ilitusumbua ikakubali. Bluetooth ikakubali. Kilichotushinda ni jina.

Jina nyie! Watu walifikia hatua hawasalimiani. Mi nilitaka Sangara OS, Kipara akasema sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 akawafagia furu mpaka aina nyingine hazionekani tena, nani ataweka kwenye simu yake kitu chenye jina la samaki anayekula wenyeji? Nikamwambia mbona Wafini mfumo wao wa simu wameuita Sailfish na hakuna anayewauliza samaki wao anakula nini. Akasema ndo hivyo sasa, upande wa samaki umeshajaa. Dogo mmoja akataka tuchomeke neno Android humohumo tujulikane haraka, tukamkatalia, Google msimbo wameuachia kwa leseni ya Apache ila jina ni alama yao ya biashara, yaani ng'ombe unapewa, chapa unaiacha kwa mwenyewe. Afu tuna mwenzetu mmoja mtulivu sana, huyo kila jina likitajwa anauliza "mmiliki nani?" afu anatukumbusha CyanogenMod, mfumo wa simu uliotangulia LineageOS, kwamba mwaka 2016 ile kampuni ya Cyanogen ilivyofunga huduma zake na jina likabaki kuwa la kampuni, wale waandishi wa msimbo ikabidi waanze upya kwa kuitwa LineageOS. Anaongea taratibu, akimaliza hakuna anayetaka kupendekeza kitu tena.

Na msisahau yule Mfaransa Gaël Duval, mradi wake wa mfumo wa simu aliuita eelo, jina likagongana na la biashara ya watu, ukaishia kuitwa /e/. Hebu jaribuni kuutafuta mtandaoni kwa herufi moja mnipe majibu. Kipara aliipenda hiyo, akasema na sisi tujiite /m/, m ya Mwanza. Tukamtoa nje akachukue soda.

Soda zenyewe za kukopa kwa Mama Sato, na hapa ndo mkosi ulipoanzia. Mama Sato kibanda chake kipo Kirumba, tukitoka kazini ni kuvuka barabara tu, anakaanga sato mpaka mapezi yanakatika kwa kidole, na ana kaunta buku lake lina kalamu imefungwa kwa uzi wa nyavu ili wadeni wasiondoke nayo. Ukurasa wetu ulikuwa umeshajaa tumehamia wa pili.

Sasa ukipika mfumo wa simu lazima uupe jina, hata la muda, na lazima uwe na ile katuni inayocheza skrini ikiwaka. Kipara akasema kwa kuwa jina hatuna tuweke kitu cha kutukumbusha majukumu. Akatengeneza katuni. Kioo cheusi, maandishi makubwa ya njano, MAMA SATO ANATUDAI, na chini yake namba inapanda kutoka sifuri mpaka 86,500, ikifika juu inarudi sifuri inaanza tena. Tulicheka sana. Mi mwenyewe nilicheka, tena ndo nilisema rangi ya njano ikolezwe.

Jina likaja kupatikana: Kamongo. Huyu samaki ziwa likirudi nyuma anajizika kwenye tope, tope linakauka juu yake, anakaa humo miezi anasubiri mvua, na simu zetu ndo maisha yake hayo. Hata yule mtulivu alikubali. Nembo ikachorwa. Wakati huohuo shirika moja hivi, silitaji, likatualika tukaonyeshe kazi yetu ukumbini Capri Point, wakaomba tuwapendekezee mtu wa chakula. Mi nikajiona nina akiliii, nikawapa namba ya Mama Sato, nikasema apate tenda deni lipoe kidogo.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe Kipara apike toleo lenye Kamongo, umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika. Asubuhi nikakuta folda ina mpya.zip, mpya_kabisa.zip na mpya_kabisa_hii_ndo.zip. Nauliza nyie, mngechukua ipi?

Nikasimama mbele. Kuna simu imening'inizwa kwenye stendi inaichungulia ya kwangu, projekta inatupa picha ukutani, ukuta mzima, simu yangu kubwa kama mlango wa godauni. Nikasema mheshimiwa mwenyekiti, mabibi na mabwana, mfumo huu hata mtu asiye fundi anaweza kuuweka. Nikauweka. Nikabonyeza iwake, nikawageukia watu nikiwa nimeupa ukuta mgongo, nikasema kwa ile sauti ya mtangazaji, "Na sasa, kwa mara ya kwanza, jina letu."

Kimya. Mama mmoja mstari wa mbele akavua miwani akaifuta akavaa tena.

Nikageuka. MAMA SATO ANATUDAI. Elfu nne. Elfu tisa. Elfu kumi na tano.

Nikatabasamu, nikasema ni jina la muda tu, itapita. Kuwaka mara ya kwanza kunachukua dakika kadhaa, hilo nilikuwa nalijua, nikawa naongea huku nasubiri ipite. Haipiti. Imefika 86,500 ikarudi sifuri. Nikabonyeza kitufe cha kuzimia nikakishikilia mpaka kidole kikauma, ikazima, nikashusha pumzi, ikajiwasha yenyewe. Sifuri. Kipara anasema sikufuta data ya toleo la nyuma ndo maana ilikwama kwenye kuwaka, mi nasema kama ilikuwa lazima ifutwe angeandika kwenye jina la faili. Betri haitoki. Nikailaza kifudifudi, ukuta ukabaki na mgongo wa simu na vidole vyangu vinatetemeka ukubwa wa mihogo, na hapo ukumbi ukaanza, "Geuza! Geuza! Geuza!" Wageni wa heshima hao, wamevaa tai.

Nikageuza. Aisee wakaanza kuhesabu nayo. "Elfu thelathini! Elfu hamsini!" Wanapiga meza. Namba ikakaribia juu, wote wakasimama, "Themanini na sita na mia tanooo!"

Na nyuma kabisa mlangoni, kabeba hotpoti mbili, sauti ninayoijua: "Si themanini na sita baba, ni tisini na moja. Soda hamjahesabu."

Hapo ndo nilikaa chini. Kiti kilikuwa mbali kidogo.

Maji ni ya kunawa, msaidizi wake alikuwa anapita na jagi hakuniona pale sakafuni, basi, hakuna cha huduma ya kwanza wala nini. Mzee mmoja akapitisha mfuniko wa hotpoti ukarudi na hela, deni likaisha palepale na chenji akabaki nayo Mama. Waliotualika wamesema watatupigia.

Kamongo hakuna anayelitaja. Watu wanakuja kazini na simu zao mkononi wanaomba wawekewe "ile ya Mama Sato", na mtumiaji mmoja simjui ametuandikia rasmi kuripoti kosa: namba inaishia 86,500, sahihi ni 91,000. Yule mtulivu akalithibitisha, Kipara akalirekebisha usiku huohuo, safari hii umeme haukukatika hata kidogo. Nembo ya kamongo bado haijaingia.