Siuzi, Nimesema!

Yule kijana wa mkokoteni wa vyuma kuukuu siku hizi ananiamkia kwa heshima kuliko wanangu. "Shikamoo mzee, leo tunapima?" Tupime nini? Hii ni Datsun 240Z, kijana! Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda nayo Safari Rally, 1973 Shekhar Mehta akarudia, kwenye vumbi na matope yale yale ya Pasaka! Yeye wala hasikii. Anagonga bodi kwa kidole, anatega sikio kujua kama ni chuma au ni puti. Ni puti. Akaondoka amenyong'onyea, kana kwamba nimemdhulumu.

Kutu ndiyo mwenye gari, mimi mpangaji tu. Imekula chini ya betri, imekula sakafu; ukiinua zulia unaona kuku wakipita. Fundi wa bodi aliniambia ni kazi ya wiki moja, bosi, wala usijali. Akachukua kianzio, akachukua na mlango wa abiria akaunyooshee kwake. Nikimpigia simu anasema yuko hapo kwenye kona, anaingia sasa hivi. Nyuma yake nawasikia makanga wakiita watu wa Likoni. Kona gani hiyo yenye feri?

Spea ndizo usiseme. Kule Kirinyaga Road ukimwonyesha muuzaji kipande chako anakigeuzageuza, halafu anakuletea cha pikapu. "Itaingia tu, mzee." Ndiyo, kwa nyundo hata sufuria itaingia.

Mama watoto haulizi bei, ananitesa kwa hesabu: "Viti viwili, sisi watu sita. Kanisani tutaenda kwa zamu?"

Lakini lililonimaliza ni kabureta. Injini hii ni lita 2.4, silinda 6, kabureta 2, na lazima zote mbili zivute hewa sawasawa, la sivyo inatetemeka mpaka vikombe vinahama mezani. Njia ya wazee ni kuchukua mpira mwembamba, ncha moja mdomoni mwa kabureta, nyingine sikioni, usikilize mvumo huku unakaza skrubu. Sasa jirani yangu, ambaye hana kazi ila kuchungulia, akanikuta nimepiga magoti, mpira sikioni, nimefumba macho, nasema, "Ndiyo… ndiyo… nakusikia."

Jioni hiyo mchungaji akabisha hodi. Amekuja na Biblia, na wazee wawili wa kanisa wa kunishika nikianza fujo.

Nikamweleza. Akaizunguka ile pua ndefu ya gari, kimya. Kisha akampa mzee mmoja Biblia, akavua koti, akaniuliza, "Mpira uko wapi?"

Tangu hapo haondoki. Anakunywa chai yangu, ananiagiza nimshikie tochi, na ameshikilia kwamba mbovu ni kabureta ya nyuma. Ya nyuma! Mtu mwenyewe anaendesha otomatiki!