Hesabu ya mashua iandikwe na nani?

Mashua ikirudi Lamu na samaki, bado kuna kazi ya kugawana. Kwenye mauzo hutolewa kwanza mafuta na barafu, kisha kinachobaki hukatwa mafungu: la chombo, la mashine, la nyavu na ya mabaharia, kila mashua na mapatano yake. Mwambie nahodha kwamba hiyo ni programu, atacheka. Lakini ndiyo: kuna vinavyoingia, kuna kanuni, kuna jibu. Mzozo ni kama watu hawa warahisishiwe njia ya kujiandikia programu zao, au kazi hiyo wabaki nayo mafundi wa kompyuta.

Wanaotaka milango ifunguliwe wana hoja ya zamani. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc, programu ya majedwali ya hesabu, kwa kompyuta ya Apple II, na watu wa hesabu ambao hawakusomea programu wakajikuta wanaandika fomula. Excel imefuata njia hiyo hiyo. Richard Stallman, mwandishi wa programu, naye amesimulia jinsi makarani walivyojifunza kuigeuza Emacs, programu ya kuandikia maandishi, iwafae, kwa sababu kitabu cha maelekezo hakikuwatajia kwamba wanachofanya ni kuandika programu. Woga ungewazuia kuliko ugumu.

Upande wa pili si wa kupuuzwa. Karani wa mashua anaongeza safari ya leo chini ya safu ya jedwali, fomula ya jumla inaishia safari ya jana, na skrini haisemi kitu. Oktoba 2020 Uingereza iliacha nje ya takwimu zake karibu wagonjwa 16,000 wa korona kwa sababu faili ya Excel ya muundo wa zamani hukomea mstari wa 65,536. Hiyo ni serikali yenye wataalamu wake. Katika daftari, tarakimu iliyofutwa huacha alama na baharia yeyote anaweza kuuliza. Fomula hujificha nyuma ya namba, na tajiri, mwenye mashua, akishukiwa hana cha kuonyesha.

Hatari hiyo naikubali. Dawa yake, kumwachia fundi, siikubali. Fundi hukosea pia, tena yuko Mombasa. Mashine mpya ikinunuliwa kwa mkopo, fungu la mashine huongezwa hadi deni liishe, kisha hurudi lilipokuwa. Nani atalipa fundi kwa kubadilisha namba moja, mara mbili?

Kikwazo kikubwa naona ni simu. HyperCard, programu ya Apple ya mwaka 1987, ilimruhusu mtumiaji wa Macintosh kufungua kitufe na kusoma maagizo yaliyo nyuma yake. Apple iliacha kuiuza mwaka 2004. Programu nyingi za simu leo hazina cha kufungua. Shuleni kuna nafuu: Scratch, lugha ya kuandikia programu kwa watoto kutoka chuo cha MIT, iliyotoka 2007, ina Kiswahili, na mwaka 2022 Kenya iliidhinisha mtaala wa kufundisha watoto kuandika programu. Vizuri, ila karani wa samaki hana haja ya kumtembeza paka wa Scratch kwenye skrini. Mpe jedwali la mashua yake likiwa linafanya kazi, abadilishe kitu kimoja aone kinachotokea.

(Akili unde nayo itamwandikia fomula akiiomba kwa Kiswahili. Itakayompa asipoweza kuisoma, hajatofautiana na aliyemwachia fundi.)

Excel ina kitu ambacho wengi hawakigusi: seli zinaweza kupewa majina. Badala ya =(B2-C2-D2)/8, karani huandika =(mauzo-mafuta-barafu)/mafungu. Kuyaweka majina hayo ni rahisi zaidi kwenye kompyuta, lakini yakishakuwepo, baharia aliyeishia darasa la nne anaweza kuelekezewa skrini na kuuliza mbona barafu imetolewa mara mbili.