Anayekataa ufadhili hajarogwa

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, kuna kikao cha familia kinachofanana kuanzia Kahama hadi Tandahimba. Kijana ana nafasi mbili mkononi. Moja ni ya ufadhili wa masomo nje: Algeria, China, Urusi, Uturuki au Hungary, kutegemea tangazo aliloliwahi. Ya pili imekuja kwa ujumbe wa simu: amechaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Muhimbili, au Ardhi, kwenye kozi aliyoitaka tangu anaanza kusoma sayansi. Ya kwanza inalipiwa. Ya pili itategemea Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kijana anasema anaitaka ya pili, na kikao kinavunjika.

Maneno yanayofuata tunayajua. Bahati haiji mara mbili. Watoto wa wenzio wanaililia nafasi hiyo. Baba mdogo, aliyesafiri kwa ajili ya kikao hicho tu, atauliza kama huyu mtoto karogwa.

Sitaki kumbeza baba mdogo. Ana hoja, tena moja ni nzito kuliko zote nitakazozitaja, na nitaifikia. Shida ni kwamba hesabu ya vikao hivi huwa na mstari mmoja: ufadhili ni bure, mkopo ni deni, tumemaliza. Hakuna anayeuliza ufadhili nao unakula nini.

Unakula muda, kwanza. Anayekwenda Uturuki kusoma kozi ya Kituruki huanza na mwaka mzima wa lugha, na asipofika kiwango kinachotakiwa katika muda aliopewa, ufadhili unakatika. China ni vivyo hivyo kwa kozi zinazofundishwa kwa Kichina, Algeria ni Kifaransa, Urusi ina mwaka wake wa maandalizi. Halafu kuna kozi yenyewe. Si ajabu mtu kuomba uhandisi wa umeme akaletewa barua ya kitu kingine, na barua hiyo huja na tarehe ya mwisho ya kujibu badala ya maelezo. Nauli pia haifanani: Uturuki wanakulipia ya kwenda mwanzoni na ya kurudi ukimaliza, Hungary hawalipi ndege kabisa. Msiba ukitokea nyumbani mwaka wa pili, tiketi ni ya ukoo. Na aliyesomea udaktari nje akirudi atatambuliwa shahada yake kwanza, kisha atakaa mtihani wa Baraza la Madaktari kabla ya kuanza utarajali. Haya yote yanavumilika, na maelfu wameyavumilia wakarudi na shahada safi. Lakini ni gharama, na gharama isiyoandikwa haiachi kuwa gharama.

Sasa tulitazame deni linaloogopwa. Makato ya Bodi ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Yalikuwa asilimia 8 hadi sheria iliporekebishwa mwaka 2016, na watumishi hawajasamehe hadi leo. Chukua slipu ya mshahara ya mhandisi kijana serikalini, tuseme msingi wake ni Sh800,000. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inachukua asilimia 5, Sh40,000. Bima ya afya asilimia 3, Sh24,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vya Julai 2021, ni Sh68,000. Kabla Bodi haijagusa zimebaki Sh668,000. Bodi inakata Sh120,000, anabaki na Sh548,000. Ukiishi Dar es Salaam na una wadogo zako wanaosoma, hiyo Sh120,000 unaiona kila mwezi ikipita.

Inauma, sikatai. Ila iangalie vizuri. Tuseme alikopa Sh milioni 16 kwa miaka minne. Kwa Sh120,000 kwa mwezi atamaliza baada ya miezi kama 133, miaka kumi na moja, mapema zaidi mshahara ukipanda. Na kuna jambo ambalo wazazi wengi hawajalisikia: deni hili halizai tena. Hadi mwaka 2021 lilikuwa linaongezeka asilimia 6 kwa mwaka, kwa jina la kulinda thamani ya fedha, na waliolipa enzi hizo wanakumbuka jinsi salio lilivyokuwa halishuki. Rais Samia aliifuta tozo hiyo. Mfumuko wetu wa bei umekuwa ukitembea kwenye asilimia 3 hadi 4 kwa mwaka, maana yake Sh120,000 ya mwisho atakayokatwa itakuwa nyepesi sana kuliko ya kwanza. Kwa kijana asiye na dhamana yoyote, sidhani kama kuna mkopo mwingine nchini wenye masharti ya namna hii.

Sasa ulinganishe mkopo huo na mwaka wa lugha. Huyo mhandisi angemaliza mwaka mmoja mapema hapa nyumbani. Mwaka mmoja wa mshahara wake, baada ya makato yote ukiacha ya Bodi, ni Sh8,016,000. Ni nusu ya deni lote. Yaani ule ufadhili wa bure umeshamtoza nusu ya mkopo alioukwepa hata kabla hajaingia darasa la kwanza la uhandisi, ila umemtoza kimyakimya, bila slipu.

Najua jibu. Nani kasema ajira inamsubiri? Kuna wahitimu wanaokaa nyumbani miaka mitatu na shahada zao, na kwa hao mwaka mmoja mapema ni mwaka mmoja zaidi wa kukaa kibarazani. Tena lugha yenyewe ni mtaji: anayejua Kichina Kariakoo hakosi mtu wa kumtafsiria kontena, na posho ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwa ufadhili wa serikali ya China, yuan 2,500 kwa mwezi, ni zaidi ya mara mbili ya bumu la Bodi, yaani posho ya kujikimu, la Sh10,000 kwa siku. Nakubali yote. Hesabu yangu ya Sh8,016,000 inasimama kwa mwenye kozi inayoajirika na inalegea kwa mwingine. Ninachosema ni kwamba iwekwe mezani, maana kikao hakijawahi kuiweka.

Wamarekani wamelifanyia jambo hili utafiti kwa namna ambayo sisi bado. Jimbo la Massachusetts lilianzisha ufadhili uitwao Adams kwa wanafunzi wa sekondari waliofanya vizuri kwenye mtihani wa jimbo: wakisoma vyuo vya umma vya jimbo hilo, hawalipi karo. Kwa masikio ya baba mdogo hiyo ni neema tupu. Lakini karo ilikuwa sehemu ndogo tu ya malipo. Tozo nyingine zilibaki palepale, na ndizo zilizokuwa kubwa. Sarah Cohodes na Joshua Goodman, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, waliwalinganisha waliovuka alama ya ufadhili kidogo tu na waliokosa kwa kidogo tu. Ufadhili uliwavuta baadhi yao kuacha vyuo vyenye ubora wa juu zaidi ambavyo wangekwenda, na matokeo yake ni kwamba uwezekano wao wa kuhitimu kwa wakati ulipungua. Walipewa fedha, wakamaliza wachache.

Nimeurudia utafiti huo mara nyingi kwa sababu unagusa mshipa wenyewe. Vijana wale hawakuwa wajinga, walikuwa kati ya wenye alama nzuri jimboni. Neno la kwamba umefadhiliwa lilikuwa na uzito kuliko kiasi chenyewe. Lilikuwa sifa, picha ya kuwaonyesha majirani, na kulikataa kungehitaji maelezo mbele ya kila shangazi. Nani kati yetu hajaiona shinikizo hiyo?

Ufadhili wa namna ile humtaka mwanafunzi aufuate ulipo. Upo wa aina nyingine, unaomfuata mwanafunzi alipo, na wa karibu nasi ni Samia Scholarship, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofaulu zaidi masomo ya sayansi. Huo unakwenda naye kwenye chuo cha hapa nchini alichochaguliwa. Kwa huo hakuna cha kukataa, na sijasikia kikao kilichovunjika kwa ajili yake.

Kwa haki, upo utafiti mwingine wa Marekani, maarufu zaidi, unaompa nguvu baba mdogo. Stacy Dale na Alan Krueger, mwaka 2002, walionyesha kwamba mwanafunzi aliyekubaliwa na chuo kinachochagua sana, yaani kigumu kuingia, kisha akaenda kisichochagua sana, kwa wastani alikuja kupata kipato kilekile. Kipaji ni cha mtoto, si cha lango la chuo. Basi hata Dar es Salaam isiabudiwe. Lakini walikuta kundi moja lililonufaika kweli na chuo kinachochagua: waliotoka familia za kipato cha chini. Na hao, kwetu, ndio wanaobanwa zaidi wasikatae cha bure. Mtoto wa daktari akikataa ufadhili, tunasema anajitambua.

Sasa ile hoja nzito. Mkopo wa Bodi si haki ya kila aliyeomba. Hutolewa kwa kupima uhitaji, wengine hupata sehemu tu, wengine hukosa wakaingia kwenye rufaa. Na ratiba imepinda. Vyuo hutangaza waliochaguliwa, aliyepata zaidi ya kimoja anathibitisha kimoja kwa namba ya siri aliyotumiwa, wafadhili wa nje wanataka jibu na pasipoti. Lakini orodha ya kwanza ya Bodi kwa kawaida hutoka Oktoba, vyuo vikiwa vinakaribia kufungua. Kwa hiyo anayekataa ufadhili Agosti analinganisha fedha iliyopo na fedha ambayo haijasema chochote. Familia yenye nyumba ya kupangisha itaziba pengo la muhula mmoja. Familia inayotegemea ekari tatu za pamba haiwezi, na binti yao anaweza kujikuta Novemba hana chuo wala ufadhili. Baba mdogo akisema hilo, nanyamaza.

Kwa hiyo msimamo wangu una mpaka. Mwenye kozi anayoitaka hapa nchini, na mwenye mtu wa kumshika mkono kwa mwaka wa kwanza mkopo ukichelewa au ukija nusu, akikataa ufadhili wa kozi asiyoitaka kwa lugha asiyoijua, ameamua kwa akili timamu na aachwe. Asiye na mtu huyo aende, hata kama moyo uko Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Naona ubaya wa sentensi hii ya pili: inamrudisha maskini kulekule, kwenye kuchukua alichopewa. Lakini ubaya huo hautokani na yeye, na hautaondolewa na ujasiri wake.

Unaondoleka kwa kalenda. Dirisha la maombi ya mkopo hufunguliwa katikati ya mwaka, na Bodi inakuwa na nyaraka za mwombaji wiki nyingi kabla ya kutangaza chochote: vyeti, kama ni yatima, kama kaya iko TASAF, mpango wa kusaidia kaya maskini, shule alikosoma na nani alilipa. Jibu la awali, hata la kiasi cha chini atakachopata kwa hakika, lingeweza kumfikia kabla ya tarehe za wafadhili. Wizara inayotangaza nafasi za nje ndiyo mama wa Bodi ya Mikopo. Taasisi mbili za nyumba moja hazihitaji mkataba wa kimataifa ili zipange tarehe. Kwa sasa, kijana aombe mkopo hata kama ameshapata ufadhili, amwandikie mfadhili kuuliza kama kozi inaweza kubadilishwa na apate jibu kwa maandishi, na kama anakataa akatae mapema, kabla ya viza, ili aliye kwenye orodha ya akiba naye awahi kufungasha.