Mtumbwi wa Kigoma Umevua Dagaa Sudan Kusini

Jamani, ketisha mtaalamu wa samaki na mtu wa programu meza moja hapa Kigoma, wape kazi ya kuhesabu dagaa, halafu kaa pembeni na karanga zako.

Mtaalamu ana faili linaitwa "mwisho". Lipo na "mwisho_kabisa", na "mwisho_kabisa_hili_ndilo". Mtajie Git, programu iliyokuwepo tangu 2005 na inatunza kila badiliko la faili, akutazame kama umemtukania mama mkwe. Karani wa mwaloni Kibirizi, wanakoshushia samaki, akiandika 3-4, yaani ndoo tatu mpaka nne, Excel, programu ya majedwali, inaigeuza kuwa tarehe. Msimcheke: mwaka 2020 wataalamu wa jeni walitangaza majina mapya ya jeni kwa balaa hilohilo, MARCH1, iliyosomwa kama tarehe 1 Machi, ikawa MARCHF1. Excel haikubadilika wakati ule, jeni zikahama!

Wa programu naye? Majaribio ya programu yote kijani, yaani yamefaulu, roho kwatu. Kumbe kilo za mitumbwi mitatu ni 40, 35 na -999, wastani ukatoka -308. Dagaa wanatudai! Mtaalamu anasema hiyo -999 maana yake mzani haukuwepo, "kila mtu anajua". Ndiyo, kila mtu aliyesoma naye. Si mngeacha wazi?

Latitudo mtaalamu kaandika 4.88 bila alama ya kutoa, kwa kuwa Ziwa Tanganyika lote liko kusini mwa ikweta, alama ya nini? Kompyuta ikadhani ni kaskazini, ikapeleka mtumbwi jirani na Maridi, Sudan Kusini, nchi kavu.

Lakini kinachouma ni saa. "Saa 2 usiku" imeingia 02:00 badala ya 20:00. Tena mvuvi hutoka jioni akarudi alfajiri: kwa mtaalamu usiku mmoja, kwa kompyuta tarehe mbili, safari moja ikawa mbili. Gawa kilo zilezile kwa safari mara mbili, ripoti inasema samaki wamebaki nusu. Dawa ni namba ya safari, tarehe ya kutoka na ya kurudi, basi. Nani aulize? Wa programu anadai orodha ya mahitaji, mwenzake anajibu atayajua akishaona matokeo.

Sasa mwezi ukiwa mpevu mfumo unapiga kelele: hakuna data, seva imekufa! Haijafa, kaka. Ni mbalamwezi, dagaa hawafuati taa, wavuvi wamelala.