Waliokataa miti ya bure

Kati ya mwaka 2011 na 2014, shirika liitwalo The Greening of Detroit lilikuwa likipanda miti kwenye mitaa ya jiji la Detroit, Marekani, mbele ya nyumba za watu, bila mwenye nyumba kutoa hata senti. Kaya 7,425 zilistahili kupandiwa. Zaidi ya 1,800 zilikataa, yaani karibu robo nzima. Kila habari hii inaposimuliwa, msikilizaji huwa na jibu mkononi: watu hao hawajui faida za miti, waelimishwe. Jibu hilo limezoeleka mno kwenye miradi ya kupendezesha mitaa, na kwa maoni yangu ni la kivivu.

Mtafiti Christine Carmichael, wa Chuo Kikuu cha Vermont, alikwenda kuwasikiliza waliokataa, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019. Alikuta watu wanaojua vizuri kwamba mti hutoa kivuli na hupamba mtaa. Walichokuwa hawana ni imani na waliokuja kuupanda. Shirika liliahidi kuitunza miti kwa miaka 3. Baada ya hapo, majani yanayoziba mfereji, mizizi inayopasua njia ya miguu na tawi linaloning'inia juu ya gari vingekuwa mzigo wa anayeishi hapo, na kwenye mitaa mingi ya Detroit huyo ni mtu mzima aliyekwisha kuona jiji likiiacha miti yake ikauke bila kuja kuikata. Hata aina ya mti wa kupandwa mlangoni kwake ilikuwa imeshaamuliwa na wengine.

Kuna na kumbukumbu za nyuma zaidi. Baada ya ghasia za mwaka 1967 kati ya wakazi Weusi na polisi wa Detroit, baadhi ya wakazi Weusi waliamini kwamba jiji lilikata miti mitaani kwao ili helikopta za polisi ziwaone vizuri kutoka juu. Maelezo rasmi ni kwamba miti hiyo, aina ya elm, ilikuwa imeshambuliwa na ugonjwa wa kuvu. Ugonjwa huo ulikuwepo kweli. Ila anayebisha hodi leo na mche mkononi anabisha kwenye nyumba yenye historia hiyo, aijue asiijue.

Sasa niupe upande wa pili haki yake, maana una hoja nzito. Joto la mjini halisambai sawasawa. Utafiti uliotoka mwaka 2020 ulilinganisha miji 108 ya Marekani na ramani za miaka ya 1930 zilizotumika kuinyima mikopo mitaa ya wanyonge. Katika miji 94 kati ya kila 100, mitaa iliyotiwa alama nyekundu wakati ule ndiyo yenye joto zaidi leo, na mahali pengine tofauti hufika nyuzi 7 za Selsiasi. Sababu mojawapo ni uhaba wa miti. Isitoshe, mti haufanyi kazi siku unayoupanda, unahitaji miaka mingi ndipo utoe kivuli cha maana, kwa hiyo kila mwaka wa mabishano ni mwaka wa jua kali kwa mtoto na mzee wa mtaa huohuo. Anayesema "tupande kwanza, tutaelewana baadaye" ana huruma ya kweli moyoni.

Ana pia takwimu anayoipenda, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu imetumika kuhalalisha mambo mengi. Mwaka 2008, Richard Mitchell na Frank Popham walichapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi wa watu wapatao milioni 40.8 wa Uingereza, walio chini ya umri wa kustaafu. Waliona kwamba pengo la vifo kati ya maskini na matajiri, hasa vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, ni dogo zaidi kwenye maeneo yenye kijani kingi. Kwa maneno mengine, maskini anayeishi karibu na miti na nyasi hayuko nyuma sana ya tajiri kama yule anayeishi kwenye saruji tupu. Ukiwa mpangaji wa mji, utataka hoja gani nyingine? Bustani inamfaa zaidi yule mwenye kidogo.

Siupingi utafiti huo. Ninachouliza ni kile ambacho watu wanausoma kana kwamba unakisema. Watafiti walilinganisha maeneo yalivyokuwa katika kipindi fulani, wala hawakufuatilia nini humpata mtu pale mtaa wake unapogeuzwa kuwa wa kijani. Hayo ni mambo mawili. Chukua mtaa wa wapangaji wenye shinikizo la damu na ajira za kubahatisha. Jenga bustani ya kuvutia pembeni yake. Kodi ikapanda, wapangaji wale wakahamia pembezoni, wakaingia vijana wenye mishahara minono na bima ya afya. Pima tena baada ya miaka 10: afya ya mtaa imeboreka! Hakuna hata mtu mmoja aliyepona. Wagonjwa wamehamishiwa kwenye takwimu za mtaa mwingine, ambao bado hauna bustani, na ambao kesho utatajwa kama ushahidi kwamba pasipo na miti watu huugua. Namba zote zitakuwa za kweli, na mwenyekiti wa mradi atazisoma kwa furaha mbele ya kamera.

Kwamba bustani hupandisha bei ya ardhi si madhara yaliyojitokeza kwa bahati mbaya. Tangu karne ya 19, watetezi wa Central Park ya New York, akiwemo msanifu wake Frederick Law Olmsted, walitumia hoja hiyohiyo waziwazi: gharama itarudi kupitia kodi ya majengo yatakayopanda thamani kando ya bustani. Ilirudi kweli. Kabla ya hapo, mwaka 1857, ilibidi kijiji cha Seneca Village kiondolewe, kilichokuwa na wakazi wapatao 225, wengi wao Weusi, baadhi wakimiliki viwanja vyao. Wakati huo New York haikumruhusu mwanamume Mweusi kupiga kura asipokuwa na mali ya angalau dola 250, hivyo aliyepoteza kiwanja aliweza kupoteza na kura.

Siku hizi hakuna anayekuja na amri ya kuhama. Kodi ya pango inatosha. High Line, bustani ya New York iliyojengwa juu ya reli iliyoona treni yake ya mwisho mwaka 1980, ilifunguliwa mwaka 2009 na kugeuka kivutio cha dunia, huku ikipita kando ya majengo ya makazi ya umma ambayo wakazi wake hawakuiona kuwa yao. Mmoja wa waanzilishi wake, Robert Hammond, alikiri hadharani mwaka 2017 kwamba walitaka kuwajengea majirani na hatimaye walishindwa. Atlanta nako, Ryan Gravel, aliyebuni njia ya kijani ya BeltLine yenye urefu wa kilomita 35 hivi katika tasnifu yake ya mwaka 1999, alijiuzulu mwaka 2016 kutoka bodi ya shirika linaloichangishia fedha, akilalamika kwamba nyumba za watu wa kipato cha chini hazipewi uzito. Hawa walioungama ndio waasisi wenyewe, watu ambao huwezi kuwaita adui wa miti.

Wapo waliopendekeza njia ya kati, "kijani cha kutosha tu": safisha sumu, panda miti kiasi, usijenge kitu cha kuwavuta matajiri. Nakiri inanipa shida. Inamtaka mnyonge akubali mtaa wa wastani ili aruhusiwe kubaki, kana kwamba mandhari nzuri ni ya waliolipia. Afadhali mfano wa Washington, ambako waandaaji wa bustani ya daraja la 11th Street walitoa mpango wa makazi mwaka 2015, miaka kadhaa kabla ya kuanza kujenga: mafunzo kwa wapangaji wanaotaka kununua nyumba, na taasisi ya wananchi inayomiliki ardhi kwa niaba ya wakazi ili bei isipande kiholela. Ni njia ya polepole, inakula fedha ambazo zingenunua miche maelfu, na haitamnusuru kila mpangaji. Lakini angalau inaanza na swali la nani atabaki, ambalo wengine hulikumbuka baada ya kukata utepe.

Mwenye nyumba wa Detroit aliogopa kazi ya ufagio, mpangaji wa mjini anaogopa mwenye nyumba wake, na hofu zote mbili zina mantiki. Dawa zake si kitendawili: wakazi wachague aina ya mti, matunzo yazidi miaka 3, na ulinzi wa kodi uje kabla ya bustani. Na ripoti ya mradi ikishahesabu miche iliyopandwa, itaje pia ni wangapi kati ya waliokuwa wakiishi pale siku ya kwanza ambao bado wanaishi pale, na nani analipwa kufagia majani.