Ukinunua pawabenki ya safari, geuza nyuma utafute Wh

Ukizunguka maduka ya simu ya Moshi, kuanzia stendi kuu hadi Mbuyuni, utakuta pawabenki za kila namba. Elfu kumi, elfu ishirini, elfu hamsini, na siku hizi hata laki moja. Kuna nyingine zinaenea kwenye kiganja lakini zimeandikwa 50,000mAh kwa herufi nene. Msimamo wangu ni huu: anayesafiri asinunue pawabenki kwa kufuata ile namba kubwa ya mbele. Aigeuze, atafute alama ya Wh, na kama haipo airudishe mezani.

Nalisema kwa uzito kwa sababu simu ya msafiri wa leo si ya kupigia tu. Pesa imo humo. Tiketi ya basi imo humo. Namba ya ndugu anayekuja kukupokea Mbezi, Dar es Salaam, saa nne usiku imo humo, na siku hizi hakuna anayekariri namba ya mtu. Simu ikizima njiani Segera, utashuka Stendi ya Magufuli huwezi kumlipa bodaboda wala kumwambia mwenyeji wako umefika. Na wanaoumizwa na pawabenki za uongo si wale wenye uwezo wa kununua nyingine kesho yake. Ni mwanafunzi wa chuo, ni mama anayefuata mzigo Kariakoo, ni mpagazi aliyeshuka mlima juzi na kulipwa jana.

Hiyo Wh ni wati-saa, na kila mwenye mita ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla, anaitumia kila siku, maana uniti moja ya umeme ni wati-saa 1,000. Inakueleza kiasi cha umeme kilichomo ndani. mAh, yaani miliampea-saa, peke yake haiwezi kukueleza hivyo, kwa sababu inategemea ni volti ngapi. Betri za lithiamu zilizo ndani ya pawabenki zina volti kama 3.7, wakati tundu la USB la kawaida linatoa volti 5. Chukua 10,000mAh, zidisha kwa 3.7, gawa kwa 1,000: unapata wati-saa 37. Zikitolewa kwa volti 5 zinakuwa 7,400mAh, na bado saketi inayopandisha volti inapoteza sehemu yake kama joto. Ndiyo maana pawabenki ya kweli ya 10,000 huwa na maandishi madogo sana nyuma yanayosema "Rated capacity", yaani uwezo uliopimwa, yakifuatiwa na namba kama 6,000mAh hivi. Wengi wakiiona namba hiyo hudhani wamepunjwa. Mimi nikiiona ndipo naanza kumwamini aliyeitengeneza, kwa sababu ameandika kile kitakachoifikia simu yangu.

Simu nyingi za sasa zina betri ya 5,000mAh, ambayo ni karibu wati-saa 19. Kwa hiyo pawabenki ya wati-saa 37 itaijaza mara moja na nusu, siyo mara mbili. Kwa basi la Moshi kwenda Dar, au hata Arusha kwenda Mwanza, hiyo inatosha, ukiwa hutegemei lile tundu la USB la kwenye kiti ambalo safari nyingine halina umeme kabisa.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji hesabu: uzito. Mpwa wangu alileta nyumbani pawabenki mpya ya 50,000mAh, amefurahi nayo, "Shangazi, hii inakaa wiki nzima." Nikaishika, nikaona ni nyepesi mno. Tukavuka barabara hadi dukani kwa mangi, tukamwomba atupimie kwenye mizani yake ya kupimia sukari. Ikasoma gramu 240. Tukaweka ya kwangu, ambayo ni ya 10,000 tu, ikasoma gramu 215. Maana yake zile elfu arobaini zilizozidi zilikuwa na uzito wa gramu 25. Mangi mwenyewe akaitoa kwenye mizani, akairudisha tena, akidhani labda mizani imekosea.

Mizani haikukosea. Seli inayotumika sana kwenye pawabenki inaitwa 18650, yaani milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu. Seli moja ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na zile nzuri hubeba takriban 3,500mAh. Tatu zinakupa elfu kumi. Kufika elfu hamsini unahitaji kama kumi na tano, na hizo peke yake ni gramu 700, kabla ya kuweka ganda na saketi. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia elfu hamsini yenye uzito wa simu anakuuzia lebo. Angalia lakini, uzito mkubwa pekee si uthibitisho, kwa kuwa zimeshapasuliwa pawabenki zikakutwa na mchanga ndani uliowekwa ili ziwe nzito mkononi. Nyepesi ni ushahidi wa uongo. Nzito inakwambia tu uendelee kuuliza.

Na hata kama ile elfu hamsini ingekuwa ya kweli, usingeweza kupanda nayo ndege. Kanuni za usafiri wa anga zinaruhusu pawabenki isiyozidi wati-saa 100 bila kuomba ruhusa. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege, na zaidi ya 160 abiria haruhusiwi. 50,000mAh ni wati-saa 185. Anayetokea KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na pawabenki ya namna hiyo ama amedanganywa dukani, ama amebeba kitu kisichoruhusiwa, na afisa wa ukaguzi hana wajibu wa kumsaidia kujua ni lipi. 20,000mAh ni wati-saa 74, inapita. Takriban 27,000mAh ndipo mpaka wa 100 ulipo. Na popote uendako, pawabenki inakaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye sanduku linalokwenda chini, kwa sababu ikishika moto chini hakuna wa kuizima.

Mambo haya yamekazwa zaidi tangu mwaka 2025. Tarehe 28 Januari ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado chini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, na wachunguzi walisema pawabenki ndiyo inayoelekea kuwa chanzo. Tarehe 28 Juni mwaka huohuo China ilipiga marufuku pawabenki zisizo na alama ya 3C, ile ya usalama wa bidhaa ya China, kwenye ndege zake za ndani. Wafanyabiashara wetu wanaotua Guangzhou kisha kuunganisha ndege kwenda Yiwu walijue hilo kabla ya kufunga begi. Emirates nao, kuanzia tarehe 1 Oktoba, wanaruhusu abiria kubeba moja tu isiyozidi wati-saa 100, hairuhusiwi kutumika ndani ya ndege, na ni lazima ukubwa wake uwe umeandikwa na usomeke. Pawabenki ambayo maandishi yake yamefutika kwa kusuguana na funguo ni sawa na isiyo na maandishi.

Ila kwa sisi wa Moshi safari inayotesa betri kuliko zote haina ndege wala basi. Ni mlima. TTCL, shirika la mawasiliano la taifa, walipopeleka intaneti Kilimanjaro mwaka 2022, wakianzia kambi ya Horombo kwenye mita 3,720, matumizi ya simu mlimani yaliongezeka sana. Mgeni anataka kupiga video akiwa juu na kuirusha papo hapo. Mwongozaji anawasiliana na ofisi. Mpagazi anampigia mama watoto kumwambia wamefika salama. Lakini soketi za kutegemea hazikupanda mlima pamoja na intaneti. Ukiondoka geti la Machame au Marangu, umeme wa kutegemea ni ule uliobeba, na utakaa nao siku tano, sita, saba. Hapo ndipo nasema chukua 20,000 ya kweli, wati-saa 74. Uzito wake wa gramu 400 hivi unastahili kubebwa.

Baridi ndiyo adui. Kambi za Kibo na Barafu ziko juu ya mita 4,600, na usiku joto linashuka chini ya sifuri. Ndani ya betri ya lithiamu mambo yanakwenda polepole baridi inapoingia, kwa hiyo betri inatoa kidogo kuliko ilivyonayo. Simu inaweza kuonyesha asilimia 30 kisha ikazima ghafla, na ikipata joto ikawaka tena kama vile haikuwa na shida. Waongozaji wazoefu wanalala na pawabenki ndani ya mfuko wa kulalia, imevalishwa soksi, karibu na tumbo. Usiku wa kwenda kileleni inakaa mfuko wa ndani wa jaketi, siyo kwenye begi la mgongoni.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kuchaji. Betri ya lithiamu kutoa umeme kwenye baridi inapungukiwa tu, lakini kuingiziwa umeme ikiwa chini ya sifuri inaharibika moja kwa moja, kwa sababu lithiamu inaganda juu ya uso wa elektrodi badala ya kuingia ndani yake. Kwa hiyo usiichomeke simu iliyoganda kwenye pawabenki saa nane usiku ndani ya hema. Ipashe joto kwanza mwilini. Bora zaidi, chaji jioni, ukiwa kwenye hema la chakula, chai ikiwa bado ya moto.

Sasa zile pawabenki zenye kioo cha sola mgongoni, ambazo wapanda mlima huuziwa kwa bei ya juu. Zinaniudhi kwa namna ya pekee, kwa kuwa zinamlenga mtu anayekwenda mahali ambapo hawezi kurudi kudai pesa yake. Kioo cha ukubwa wa simu kinatoa wati moja au moja na nusu jua likiwa kali na kikiwa kimelielekea sawasawa. Kujaza wati-saa 74 kwa kasi hiyo kunataka angalau kama saa 50 za jua kamili. Nani ana saa 50 za jua kamili mlimani? Siku ya kwanza uko msituni, mawingu yanaingia mchana, na wewe unatembea huku kioo kinatazama huku na kule. Na ukiiacha juani imelala juu ya jiwe, betri inapata joto ambalo linaifupishia maisha. Kama unataka sola, nunua paneli ya kukunjua ya wati 20 au zaidi, paneli mbali na pawabenki mbali. Hicho kinafanya kazi kambini. Hicho kingine ni pambo.

Kwenye kasi ya chaji sina maneno mengi. Tazama pawabenki yenyewe inajazwa kwa wati ngapi, siyo tu inatoa ngapi. Ya 10,000 ukiijaza kwa chaja ya zamani ya wati 5 itachukua saa nane au tisa. Kwa wati 18, kama saa tatu. Umeme ukikatika mchana na kurudi jioni, na una basi la alfajiri, tofauti hiyo ndiyo safari yako. Na waya uwe mzuri. Waya wa bei ya chini kabisa wa kando ya barabara unaweza kuifanya pawabenki nzuri ionekane mbovu.

Kuhusu jina la kampuni: jina zuri linasaidia lakini si kinga. Anker, ambao wengi tunawaamini, mwezi Juni 2025 waliita zirudishwe pawabenki zaidi ya milioni moja Marekani za aina ya PowerCore 10000, toleo A1263, kwa sababu betri zake zilikuwa na hatari ya kushika moto. Faida ya kampuni ya kweli ni kwamba ilitangaza, na mwenye namba ya toleo aliweza kuangalia kama yake imo. Ile isiyo na jina wala namba haina wa kuitangazia lolote. Kwa hiyo dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, piga picha maandishi ya nyuma siku ileile, na ikianza kuvimba acha kuitumia papo hapo. Usiitoboe, usiiache ndani ya gari lililopigwa na jua, na usimpe mtoto aichezee.

Ningependa TBS, shirika la viwango, na Tume ya Ushindani walitazame hili la lebo, kwani pawabenki iliyoandikwa elfu hamsini na kubeba elfu sita ni udanganyifu uleule wa mfuko wa kilo mbili ulioandikwa kilo kumi. Lakini kabla yao, mafundi simu wetu wana kifaa tayari. Ni kile kidude kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB na kuonyesha volti, ampea na jumla ya mAh zilizotoka. Wengi wanacho mezani. Fundi wa Double Road au wa Kilombero kule Arusha anaweza kuweka bango dogo: tunapima pawabenki. Unamwachia imejaa asubuhi, jioni anakupa namba halisi iliyotoka. Mimi ningelipia, na ningempeleka mpwa wangu awe mteja wa pili.